Kilwa Kisiwani: nilikwenda kutazama chokaa

Kazi yangu ni uashi, kwa hiyo mnisamehe nisiposimulia sana habari za masultani. Nimezungushwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani mwezi uliopita, na kilichonikaa kichwani ni chokaa.

Malalamiko kwanza, niyatue. Kampuni niliyoilipa Dar iliniambia saa tatu kisiwani zinatosha. Hazitoshi. Tena hawakuangalia maji. Njia nzuri ya kufika Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, ni kupita ufukweni kando ya mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Sisi tulikuta yamejaa, tukazunguka vichakani jua la saa saba likituchoma utosini. Ukienda, lala Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, chukua kibali mapema, muulize nahodha wa mashua maji yanakupwa saa ngapi, ndipo upange safari.

Mwongozaji alikuwa kijana wa palepale kisiwani, naye sina neno naye. Alianza na yale ya kawaida: msafiri Ibn Battuta kufika 1331, dhahabu iliyotoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, Wareno kuingia 1505, kujenga ngome na kuiacha 1512. Ngome tunayoiona leo, iitwayo Gereza, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, kama mwaka 1800 hivi, kwenye mabaki ya ile ya Wareno. (Neno "gereza" husemwa limetokana na igreja, kanisa kwa Kireno. Kanisa likageukaje jela, hapo sijui niwaambie nini.)

Aliposikia mimi ni fundi, ziara ikageuka. "Basi njoo huku, fundi." Akanipeleka kwenye ukuta wa Gereza uliokarabatiwa. Kwa mbali huoni kitu. Sogea, utaona mshono: mawe ya matumbawe ya zamani yameliwa na chumvi hadi yamekuwa laini, yaliyotiwa juzi bado yana ncha. Nikamuuliza mbona hawakutumia saruji, ingewahi kukauka. Jibu nilikuwa nalo, nilitaka kumpima tu. Akanijibu kuliko mainjinia kadhaa niliowahi kufanya nao kazi: saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia unyevu ndani, na chumvi ikikosa pa kutokea hutoka na jiwe. Chokaa inapitisha. Lakini chokaa inataka subira: uchome matumbawe kwa kuni, uyamwagie maji, uyaache yalainike, ndipo uchanganye na mchanga. Siku hizi mteja gani atakusubiri hivyo?

Adui mwingine ni bahari, inamega kingo za kisiwa na kuta zilizo karibu nayo. Magofu haya yapo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Nilipoona ukuta wa upande wa maji nilielewa kwa nini.

Husuni Kubwa ndiyo iliyonishika. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14: vyumba zaidi ya 100 juu ya mwamba, ngazi zinazoshuka baharini, na birika la kuogea la pembe nane. Jaribu wewe kupiga pembe nane za mawe ya matumbawe zikutane sawasawa, kisha uje tuzungumze. Inaelekea jumba halikukamilika kamwe. Nikacheka peke yangu. Hata sultani, kumbe, ujenzi ulimshinda njiani kama wateja wangu.

Nusu saa tu nilipata pale, dereva wa kampuni, aliyetusubiri ng'ambo ya maji, alikuwa ananipigia simu. Kuta nyingi huko zimebaki kiunoni na hakuna kivuli, beba maji na kofia. Viatu viwe vya kufunga, si ndala kama zangu.

Nitarudi na kijana wangu anayejifunza kazi. Safari hiyo tutapanda basi la kawaida, na mwongozaji tutamtafuta wenyewe palepale.