Blithe Spirit (1945): mke mwenza aliyetoka kuzimu

Haya, karibuni jamani. Leo nina filamu ya zamani kidogo, na hiyo "kidogo" nasema kwa heshima tu, maana ni ya mwaka 1945. Blithe Spirit, ya Uingereza, kaiongoza David Lean. Ndiyo, yuleyule aliyekuja kutengeneza Lawrence of Arabia. Ila huku usitegemee jangwa wala ngamia. Kuna sebule ya watu wenye nazo kule Kent, na mke aliyekufa miaka saba iliyopita anarudi na kukuta nafasi yake ina mtu.

Sisi stori hii hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Uke wenza, basi. Ila mwenza mmoja ni marehemu.

Charles, anayeigizwa na Rex Harrison, ni mwandishi wa vitabu. Anataka kuandika habari za mganga tapeli, kwa hiyo anamwalika Madame Arcati, mganga wa kuita mizimu, chakula cha jioni ili amchunguze kimyakimya, huku wageni wengine wamejibana wasicheke. Taa zinazimwa, santuri inalia, meza inatikisika. Kikao kikiisha, Elvira, yule mke marehemu, huyo hapo. Na anayemwona ni Charles peke yake.

Sasa tazameni. Elvira anamchokoza, Charles anamwambia anyamaze. Ruth, mke aliye hai, amekaa palepale. Anadhani kaambiwa yeye. Charles anajitetea: jamani, mimi naongea na Elvira! Mama yangu, ndio kaharibu kabisa. Filamu karibu yote inasukumwa na kasheshe hiyohiyo, na haichoshi, mpaka siku Ruth anapoona chombo cha maua kinatembea hewani chenyewe.

Na huyu mzimu, Kay Hammond, hakufanywa moshi wala kivuli. Wamempaka kijani uso hadi mikono, wakampa midomo na kucha nyekundu, na taa ya kijani inamfuata kila anapokwenda. Anajimwaga kwenye kochi kama wewe hapo. Ujanja wa picha wa filamu hii ulimpa Tom Howard tuzo ya Oscar. Ndiyo maana nawaomba, msiitazame kwenye nakala mbovu. Mimi mara ya kwanza niliiona kwenye nakala iliyopauka, Elvira akawa kama mtu aliyeamka na malaria. Tafuteni ile iliyosafishwa na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, rangi zinarudi.

Anayeiba filamu lakini ni Margaret Rutherford, huyo Madame Arcati. Bibi mzima, anakuja na baiskeli, kifua mbele. Wengine wangemfanya tapeli wa kuchekwa. Yeye anaamini kazi yake kwa moyo wote, na akiambiwa mzimu umekuja kweli, anafurahi kama mtoto. Mganga anayeshangaa dawa yake kufanya kazi! Na Ruth anapomchana kwamba walimwalika ili wamchunguze tu, ule uso wake... hapo sikucheka.

Lawama ninazo. Hii ilikuwa tamthilia ya Noël Coward, ya mwaka 1941, London ikiwa kwenye vita, na ilichezwa mara 1,997. Basi utamthilia haukuwatoka: watu wanaongea kama cherehani. Washeni manukuu hata kama Kiingereza chenu kiko vizuri. Halafu Charles ni mkavu mno; wake wawili wanamtokea kutoka makaburini na yeye anasahihisha sarufi.

Wasiopenda kuharibiwa uhondo wasogeze mbele sasa hivi. Kwenye tamthilia, Charles anawaacha wake zake wote wawili, mizimu sasa, anaondoka zake yuko huru. Kwenye filamu anaondoka na gari, gari linapata ajali darajani, na puu! anaangukia katikati yao, naye sasa ni marehemu. Kuna wanaosema mwisho huu umeharibu kazi. Mimi naupenda huu wa filamu. Alishakuwa anaondoka anatabasamu, jamani.