Kozi ya video ya chaneli za kloridi na kansa, maoni yangu baada ya kumaliza

Nimeimaliza hii kozi yote na kusema ukweli somo la LRRC8A (protini inayounda chaneli ya kloridi, yaani mlango wa kloridi kwenye utando wa seli) peke yake linarudisha hela yako. Mi nilijua kloridi inafuata tu sodiamu nyuma nyuma basi, kumbe seli ikivimba chaneli za LRRC8 (zilitambuliwa 2014) zinafunguka kloridi itoke na maji yafuate, seli irudi saizi yake, alafu mlango huo huo ndo sehemu ya sisplatini, dawa ya kansa, inapitia kuingia, kwa hiyo kansa ikipunguza LRRC8A au ndugu yake LRRC8D dawa inabaki nje na kansa inakuwa sugu. Na sisplatini yenyewe imebeba kloridi mbili! Kwenye damu kloridi ni nyingi so zinatulia, ikiingia ndani ya seli ambako ni chache zinabanduka na dawa inaenda kung'ang'ania DNA. Hapo nilirudia video mara tatu.

ANO1, chaneli nyingine, nayo mwalimu kaifundisha vizuri. Watu wa patholojia walikuwa tayari wanaipaka rangi kwenye sampuli kwa jina la DOG1 kutafuta GIST (aina ya uvimbe wa tumbo na utumbo), 2008 ndo ikajulikana ni chaneli ya kloridi inayoamshwa na kalsiamu.

CFTR, chaneli nyingine ya kloridi, kaikimbiza, sijui kwa nini, wakati ndo inavuruga hesabu yote maana wenye sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi wa makamasi mazito), chaneli yao hii mbovu, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kansa ya utumbo mpana. Kwa hiyo wazo la "ziba chaneli, kansa ife" haliendi kila mahali, na hilo alitakiwa kulisema kwa sauti.

Kilichoniudhi ni somo la glioma, kansa ya ubongo. Anaanza vizuri, protini ya NKCC1 inaijaza seli kloridi, alafu kloridi ikitolewa kupitia protini kama ClC-3, seli inasinyaa ipenye kwenye vinafasi vya ubongo. Ila akifika kwa klorotoksini, sumu ya nge, anasema inaziba chaneli za kloridi, nukta. Jamani, tangu 2003 kuna kazi inayoonyesha inashika kimeng'enya cha MMP-2! Wala hajagusa kwamba sumu hiyo imeshabandikwa rangi inayong'aa na kujaribiwa kwa wagonjwa ili daktari wa upasuaji aone uvimbe unaishia wapi.

Maswali ya mwisho ni kukariri majina tu. Kama patchi klampu (njia ya kupima umeme unaopita kwenye chaneli za seli) hujawahi kuisikia ruka somo la pili kwanza, utarudi baadae. Nyota tatu na nusu, nusu nyingine nawapa wakirekebisha ile slaidi ya nge.