Pedi, chupi, tamponi au kikombe: msichana wa michezo anunue nini kwanza?

Msichana akiinua mkono katikati ya seti na kuniambia, "Kocha, naomba kutoka," huwa simuulizi kwa nini. Namwambia, "Nenda, mwanangu, begi langu liko wazi." Humo mna pedi, chupi nyeusi mbili na bukta ya akiba. Miaka yote niliyosimama pembeni mwa uwanja wa mpira wa wavu nimeona jambo lilelile likijirudia: wengi hawatoki kwa sababu pedi imejaa, wanatoka kwa sababu imehama. Wakirudi hunisimulia wenyewe. Katikati pakavu kabisa, damu imepita ubavuni, mbawa moja imejikunja ikagandia paja.

Hesabu yenyewe inajieleza. Hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa, kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40 hivi, yaani vijiko vya chakula viwili na ushei. Pedi ya kawaida haishindwi na sehemu ya kiasi hicho kwa saa chache. Kinachoishinda ni kuruka, kuchuchumaa, kujitupa chini na jasho. Kwa hiyo ukifika dukani usianze na swali la "ipi inafyonza zaidi", maana hilo pakiti zote zimeshalijibu kwa picha za matone ya bluu. Uliza ipi haitasogea. Nimepanga orodha hii kwa swali hilo, nikimfikiria msichana wa miaka 11 hadi 15 ambaye ndiyo kwanza amevunja ungo, bado anauzoea mwili wake, na jioni ana mazoezi.

1. Chupi ya hedhi

Kwa sura ni chupi kama nyingine, ila sehemu ya chini ina matabaka matatu: la juu hupitisha unyevu upesi, la kati hufyonza, la nje halipitishi kitu. Haina gundi wala mbawa. Hakuna cha kuhama kwa sababu nguo yenyewe ndiyo pedi. Kwa mbio, mpira wa miguu, kikapu, wavu na dansi, sijaona kinachoipita.

Ukiishika dukani, igeuze ndani nje. Pitisha kidole gumba kwenye mshono wa mguuni, taratibu, mzunguko mzima. Ukihisi unakwaruza kidole, ujue baada ya kilomita tatu utakuwa umekuchubua paja. Kisha ipapase sehemu nene uone inaanzia wapi na kuishia wapi. Nyingine zimetiwa kitambaa cha kufyonza katikati tu kama kiganja cha mkono, na hizo ni za siku za mwisho, damu inapokuwa ya kudondoka tu. Unayoitaka ni ile ambayo unene wake unapanda nyuma hadi karibu na mkanda, kwa sababu ukilala chini kufanya mazoezi ya tumbo damu hufuata mgongo.

Saizi ndiyo inayokosewa zaidi. Akina mama hupenda kununua kubwa "atakulia humo". Sweta sawa, lakini si chupi ya hedhi. Ikipwaya inaacha nafasi kwenye paja, na hiyo nafasi ndiyo mlango. Pima nyonga za leo.

Kasoro zake sizifichi. Bei ya mara moja ni kubwa kuliko pakiti ya pedi, ingawa ukiitunza unaivaa miaka. Inachelewa kukauka, basi moja haitoshi: angalau tatu, moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kwenye begi. Na kuibadilisha katikati ya mashindano ni lazima uvue viatu na bukta, ukiwa chooni, umesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ndiyo maana siku mbili za kwanza, ambazo damu ni nyingi, nawaambia wabandike pedi nyembamba juu yake. Pedi ikijaa unabandua, chupi inabaki mlinzi.

Ifue kwanza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, ndipo utie sabuni. Maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa. Usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huacha utando unaozuia kitambaa kufyonza. Na kwenye lebo tafuta maandishi yanayosema haina PFAS. Hizo ni kemikali za kuzuia maji zinazodumu sana, na vipimo vilishazikuta katika baadhi ya chupi za aina hii.

2. Pedi nyembamba yenye mbawa

Kama leo una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, na hedhi imeshaanza, nunua hii uende zako. Nimeiweka ya pili kwa ajili ya uwanjani, lakini kwa urahisi wa kujifunza haina mpinzani.

Wengi hudhani pedi nene ndiyo inayokinga. Zamani ilikuwa kweli. Siku hizi nyembamba nyingi zina chembechembe ndani zinazogeuka kuwa kama jeli zikikutana na unyevu, na jeli hiyo haiminyiki kirahisi ukikaa au ukianguka. Nene iliyojaa pamba tu hujikunja katikati ya mapaja, ikawa kamba, halafu ikaanza safari yake. Mimi mwenyewe nilikimbia fainali ya mita 800 na kitu cha namna hiyo nikiwa na miaka 13. Mzunguko wa pili nilikuwa nimeminya magoti badala ya kunyoosha miguu, na matokeo sitayataja.

Kabla ya kununua pakiti kubwa, fanya jaribio hili nyumbani na pedi moja. Ilaze mezani, mwagia kijiko kimoja cha chakula cha maji katikati, polepole. Hesabu hadi 60. Kandamiza tishu nyeupe juu yake kwa kiganja. Tishu ikitoka na duara la maji, pedi hiyo itakulowesha ukikaa benchi. Ikitoka kavu, ikunje katikati mara kumi kama mtu anayepanda ngazi, uangalie kama tabaka la ndani limekatika vipande. Maji ni mepesi kuliko damu, kwa hiyo pedi iliyofeli kwa maji usiipe nafasi ya pili.

Angalia pia uso wake. Ule wa wavu wa plastiki hukausha haraka lakini jasho likiingia hukwaruza. Ule laini kama kitambaa hukaa na unyevu kidogo zaidi ila ngozi inakushukuru. Kwa mwanamichezo nachagua laini. Yenye manukato iache palepale rafuni. Damu ya hedhi haihitaji marashi, na manukato hayo huwasha ngozi iliyokwisha kutota jasho.

Siri kubwa ya pedi iko kwenye chupi uliyoibandika. Gundi haishiki kitambaa chenye jasho, na haishiki vizuri vitambaa vya kuteleza vya michezo. Vaa chupi kavu ya pamba inayobana, bandika pedi mpya dakika chache kabla ya kupasha misuli, kandamiza mbawa kwa chini mpaka uhisi joto la kidole, kisha vaa skintaiti fupi juu. Skintaiti ndiyo inayoizuia isicheze. Badilisha kila saa nne hadi sita, na baada ya mazoezi badilisha hata kama haina doa, kwa ajili ya jasho.

Ukiwa na sare nyeupe, za karate au judo kwa mfano, hiyo bukta ya ndani iwe nyeusi. Usione haya, hata wakubwa wamelalamika mpaka wakasikilizwa: mwaka 2023 mashindano ya tenisi ya Wimbledon yaliwaruhusu wachezaji wa kike kuvaa bukta za rangi iliyokolea chini ya nguo nyeupe, na mwaka huohuo timu ya soka ya wanawake ya Uingereza iliachana na bukta nyeupe ikaenda Kombe la Dunia na za bluu.

3. Tamponi

Ni pamba iliyobanwa, huingizwa ukeni ifyonze damu humohumo. Kwa muogeleaji hii inapanda hadi namba moja. Pedi ikiingia majini hunywa bwawa zima, inavimba na kubanduka. Kuna mavazi ya kuogelea ya hedhi, nayo yanafaa siku za damu chache. Ile hadithi kwamba damu husimama ukiingia majini iache: mgandamizo wa maji huipunguza kasi tu, na ukipanda ngazi kutoka inaendelea.

Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, muogeleaji wa China Fu Yuanhui aliwaambia waandishi mbele ya kamera, baada ya mbio za kupokezana, kwamba hedhi yake ilikuwa imeanza siku moja kabla. Watu wengi kwao walishangaa aliwezaje kuingia majini. Jibu ni kijipande cha pamba chenye uzi.

Swali ambalo wasichana huniuliza kwa kunong'ona: je, nitapoteza ubikira? Hapana. Ubikira hautokani na pamba. Kizinda kwa kawaida kina uwazi, ndimo damu inamopita, na kinaweza kutanuka. Lakini kama hujisikii tayari, au nyumbani mmekubaliana usubiri, subiri. Hakuna medali ya kuwahi.

Nunua ndogo kabisa. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, ndogo hufyonza hadi gramu 6 na ya kawaida gramu 6 hadi 9, nawe huna haja ya kuvuka hapo mwanzoni. Chagua yenye bomba laini la kusukumia lenye ncha ya mviringo. Ijaribu siku ambayo damu inatoka vizuri, usiku wa mapumziko nyumbani, si dakika 10 kabla ya mashindano. Ikiingizwa pakavu inauma. Ikikaa mahali pake huisikii kabisa, na ukiisikia haijafika. Hii pia inawafaa waendesha baiskeli, kwa sababu bukta zao zenye sponji zimeshonwa zivaliwe bila chupi ndani, na pedi juu ya sponji haikai.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya saa. Itoe ndani ya saa nne hadi nane, isizidi nane kamwe, na usilale nayo kama huna uhakika wa kuamka. Ikiachwa muda mrefu, hasa yenye uwezo mkubwa wa kufyonza, inaweza kuchangia ugonjwa adimu lakini hatari unaotokana na sumu ya bakteria. Homa ya ghafla, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, upele kama ngozi imeungua jua: itoe, nenda hospitali, waambie ulikuwa unatumia tamponi. Mtoto anayesahau chupa ya maji uwanjani kila siku, bado si wa tamponi.

4. Kikombe cha hedhi

Naweka kikombe hapa huku moyo ukinisuta, maana mimi mwenyewe ndicho ninachotumia. Ni silikoni laini ya kitabibu, hukunjwa, huingizwa ukeni, hufunguka na kukusanya damu. Hukaa muda wa hadi saa 12, yaani mashindano ya siku nzima, na kimoja kikitunzwa hudumu hata miaka 10. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Public Health yalionyesha kwamba kikilinganishwa na pedi na tamponi huvuja sawa au pungufu. Yalionyesha pia kwamba kukizoea huchukua miezi kadhaa.

Hapo kwenye miezi kadhaa ndipo msichana wa miaka 12 anapokata tamaa. Anzia nacho likizo, wakati hakuna mechi. Chukua saizi ndogo. Usikivute kwa mkia, bana kitako chake kwanza hewa iingie, la sivyo utadhani unang'oa kizibo kwenye chupa. Kinahitaji mikono safi na maji, na kuchemshwa dakika chache kati ya hedhi na hedhi. Kama choo cha uwanjani kwenu hakina maji, kimwage nyumbani kabla ya kwenda na ukirudi.

5. Pedi za kufua

Nzuri kwa shule, kwa usiku, kwa ngozi inayowashwa na plastiki. Kwa mchezo huteleza, kwa sababu zinashikiliwa na kifungo kimoja tu chini ya chupi. Kama ndizo ulizo nazo, tafuta zenye vifungo viwili na uvae skintaiti inayobana sana. Zianike juani, si kuzificha chini ya godoro zikiwa mbichi.

Pantilaina, kile kipande kidogo chembamba cha kubandika kwenye chupi, peke yake si pedi. Ni ya siku unayohisi hedhi iko njiani, na miaka miwili ya mwanzo hiyo njia huwa haina ratiba: inaweza kuja baada ya siku 21 au 45. Karatasi ya chooni iliyokunjwa nayo itakuvusha mpaka chumba cha kubadilishia nguo, basi.

Kuna damu ambayo kununua hakuisaidii. Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, muone daktari. Na hedhi iliyokuwa inakuja ikipotea miezi mitatu katika msimu wa mazoezi makali, usiishangilie. Kuna makocha huiona kama dalili ya kuwa fiti. Mara nyingi ni mwili unaosema haupati chakula kinachotosha kwa kazi unayoufanyisha, na mifupa nayo inaumia kimyakimya.

Pakiti ya kwanza ya kitu chochote iwe ndogo kuliko zote. Kisha tafuta kimfuko cha zipu kisichoonyesha ndani: pedi mbili, chupi moja kavu, tishu, mfuko mdogo usiopitisha maji wa kuwekea kilicholowa, na bukta nyeusi iliyokunjwa mpaka ikawa kama ngumi. Kikae mfuko wa pembeni wa begi, hedhi iwepo isiwepo. Wachezaji wangu wanakiita kipa wa akiba.