Kupima udongo wa ushago: maabara ama kipimo cha mkononi?

Mvua ikikaribia, watu wa Nairobi wenye shamba ushago huanza tena huu ubishi. Kwa bei, kipimo cha mkononi kinashinda, kijiji mnachanga mnanunua kimoja mnazunguka nacho shamba kwa shamba, maabara unalipia kila sampuli na bado kuna nauli ya kufikisha udongo KALRO, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, pale Kabete. Haraka pia kinashinda.

Sasa kuaminika, hapo ni stori ingine. Vile vidude rahisi vya misumari miwili vinadai kusoma naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kumbe vinasoma tu vile umeme unapita kwa udongo, ukimwaga maji namba inapanda! Vya dawa na rangi, vile unachanganya udongo na dawa halafu unasoma rangi, ni afadhali, pH (yaani kiwango cha asidi ya udongo) vinakadiria poa, ila dawa huisha muda. Maabara inakupea hadi kiasi cha chokaa cha kuweka, na hiyo ni muhimu sana kwa wale wamerusha mbolea ya DAP miaka na miaka mpaka udongo ukawa na asidi.

Lakini sampuli ikiwa mbovu hata maabara haikusaidii. Chota zigizaga, kina cha sentimita 20, mbali na boma la ng'ombe, changanya kwa ndoo ya plastiki maana ya mabati inaongeza zinki, nusu kilo inatosha.

Ni sukuma za nyumbani tu? Kipimo cha rangi kinatosha. Unapanda parachichi ama mahindi ya kuuza, lipa maabara. Mkiwa kijiji, pimeni pH kote kwanza halafu yale mashamba namba zake zinashangaza ndiyo mpeleke udongo wake Kabete.