Gemu ya stori au gemu ya kucheza tu: ununue CD ipi ya PS4 ukiwa Mwanza

Mpwa wangu alinifuata nyumbani akitokea banda la gemu kule Mabatini, ameshika noti zake mkononi. "Mjomba, nina hela ya CD moja tu. Nichukue ya stori au nichukue mpira?" Nikamwambia achukue ya stori, mpira atauchoka. Usiku nikakumbuka kwamba kwao wako wanne, PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4) ni moja na padi za kuchezea ni mbili. Nilimshauri kana kwamba anaishi peke yake. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, pamoja na orodha yangu kuanzia CD ya kwanza kununua hadi ya mwisho.

Ufikirie mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na halina stori hata chembe. Wazee wanakaa nalo chini ya mwembe tangu alasiri hadi giza linaingia, na hakuna anayeuliza kete zimetoka wapi. Ila kesho yake utawasikia wakisimuliana jinsi fulani alivyoliwa nyumba akiwa anaongoza. Stori wameitunga wenyewe. Wazee haohao, bibi akiita "Hadithi, hadithi!" wanaitikia "Hadithi njoo!" na kunyamaza kumsikiliza, ingawa hadithi yenyewe wameshaisikia mara ishirini. Kwa hiyo ukiwa dukani usibishane na muuza kuhusu ipi kali. Jiulize CD hiyo itachezwa na nani, na watu wangapi wamekaa sebuleni.

Hesabu nayo ina neno lake. Tuseme CD ni shilingi 60,000. Gemu ya stori inayokwisha kwa saa 15 imekugharimu shilingi 4,000 kwa saa. Mpira ukichezwa saa moja kila siku kwa mwaka mzima, kila saa haifiki hata shilingi 170. Kwa hesabu hiyo peke yake stori isingenunuliwa na mtu. Hata hivyo namba moja yangu ni ya stori.

1. God of War (2018)

Bibi yetu alikuja kutoka Magu kutibiwa macho, akakaa nasi wiki mbili. Haoni vizuri, kwa hiyo kwake gemu ilikuwa sauti tu. Mpwa wangu ndiye aliyeshika padi, na dada yake anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya skrini na kumsimulia bibi kwa Kiswahili, akichanganya na Kisukuma panapokuwa pagumu. Kratos na mwanawe Atreus wanabeba majivu ya mama wa mtoto kwenda kuyamwaga juu ya kilele kirefu kuliko vyote. Bibi akasikiliza sana, kisha akauliza: "Mbona huyu baba hamwiti mwanawe kwa jina? Kila mara namsikia 'boi, boi'." Mimi nilikuwa nimeshaimaliza gemu hiyo na sikuwahi kulishika jambo hilo kwa uzito alioupa yeye. Tangu siku hiyo kila jioni alidai tumwashie, aone kama baba amelainika.

Mwenye padi naye alikuwa na raha yake, na raha hiyo ni shoka. Unalirusha, linanasa kwa adui, unabonyeza pembetatu linarudi likizunguka hewani hadi linagonga kiganja, na padi inatikisika kidogo mikononi mwako. Ukibonyeza mraba, mtoto anapiga mshale. Unazoea kumtegemea bila kujua kama umezoea. Halafu kuna mahali mtoto anaugua na baba anaondoka peke yake. Mpwa wangu akiwa katikati ya vita akabonyeza mraba mara tatu, hakuna mshale uliotoka. Akasema polepole, "Hayupo." Hapo stori haikusimuliwa na mtu, ilisimuliwa na kitufe. Ndiyo maana ninaiweka juu: kinachosemwa na kinachofanywa na vidole ni kitu kimoja, na kamera haikatwi hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiimaliza, ibadilishe na jirani kabla haijachubuka.

2. Mpira: FIFA au EA Sports FC

Kwa nyumba yenye watu watatu na kuendelea, namba mbili hii inapanda kuwa namba moja, na ndilo kosa langu kwa mpwa wangu. Jina la FIFA liliishia toleo la 23, na kuanzia 2023 mfululizo huo unaitwa EA Sports FC. Usilazimike kukimbilia toleo jipya. Kama mnacheza mkiwa pamoja sebuleni, toleo la miaka miwili au mitatu nyuma linatosha, na bei yake huwa imeshuka sana. Kinachobadilika zaidi ni vikosi vya timu.

Waliotengeneza gemu hii nao walishajaribu kutia stori. FIFA 17 ilileta kijana anayeitwa Alex Hunter, anayetafuta nafasi katika soka la Uingereza, na safari yake ikaendelea katika FIFA 18 na kuishia FIFA 19. Niliicheza yote na niliipenda. Lakini nenda banda lolote la Igoma au Kirumba uulize kama kuna anayelipia muda wake amcheze Alex Hunter. Watu wanakaa kwenye mabenchi kungoja mshindi abaki na mshindwa ainuke, na goli la dakika ya 90 linasimuliwa hadi wiki inayofuata. Stori yao iko kwenye benchi.

3. It Takes Two

Hii haichezwi na mtu mmoja, lazima muwe wawili. Ilitoka 2021 na mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Mume na mke, Cody na May, wanataka kuachana, wanageuzwa kuwa vidude vidogo, na inawabidi washirikiane ili warudi walivyokuwa. Kila sehemu inawapa vifaa tofauti: kuna mahali mmoja anarusha misumari ukutani na mwenzake ana nyundo ya kuning'inia kwenye misumari hiyo. Mmoja asipofanya kazi yake, mwingine hasogei. Mke wangu hajawahi kupenda gemu, ila hii tulikesha nayo, na tuligombana na kupatana kama wale wa kwenye skrini. Haionekani sana madukani hapa mjini. Ukiiona, ichukue siku hiyohiyo.

4. Red Dead Redemption 2 (2018)

Ni stori ya Arthur Morgan na genge lake, mwaka 1899 huko Marekani. Ni ndefu, ni nzito, na inakwenda taratibu makusudi: unamlisha farasi, unasafisha bunduki, unapanda mlima kwa dakika kumi bila risasi moja. Wengine wanachoka hapo. Mimi naona ndipo utamu wake ulipo, kwa sababu farasi uliyemlisha kwa wiki mbili akifa, unaumia kweli.

Ila sikiliza hapa. Kwenye PS4 gemu hii ina CD mbili, moja ya kuingiza data na nyingine ya kuchezea. Niliwahi kununua iliyotumika katika duka moja katikati ya jiji, nikalipa bila kufungua kasha. Kufika nyumbani, CD ni moja tu, ile ya kuchezea, na isiyo na mwenzake haina kazi. Niliporudi, muuza akasema ndivyo alivyoipokea. Kwa hiyo fungua kasha ukiwa umesimama palepale. Jua pia kwamba inakula zaidi ya GB 100. PS4 yenye GB 500 itabidi ifutwe mambo mengine kwanza.

5. The Last of Us Remastered (2014)

Kwa stori tupu ningeiweka ya kwanza. Mwanzoni kabisa hukabidhiwi shujaa, unakabidhiwa mtoto wa kike aliyeamka usiku, anamtafuta baba yake chumba hadi chumba, na wewe ndiye unayemtembeza. Sisemi zaidi. Inashuka hadi hapa kwa sababu ni ya mtu mmoja, inatisha, si ya watoto, na inakwisha. Walioona tamthilia yake iliyoanza 2023 wasidhani wameshaimaliza: kutazama mtu akifungua mlango si sawa na kuufungua wewe.

6. GTA V (Grand Theft Auto V)

Kila mtu anaijua. Ina wahusika watatu unaohama kutoka mmoja kwenda mwingine, na stori yake ni nzuri kuliko sifa inazopewa, lakini wengi hawaifikishi nusu, wanazurura tu na magari. Ni ya miaka 18 na zaidi. Kama nyumbani kuna wadogo, iache dukani.

7. Detroit: Become Human (2018)

Roboti watatu, na kila uamuzi wako unageuza njia. Kila sura ikiisha unaonyeshwa mchoro wa njia ulizopita na zile ulizoziacha. Naiheshimu, lakini vidole vina kazi ndogo, na yote yamo kwenye maneno. Maneno yenyewe ni Kiingereza, na mara nyingine unapewa sekunde chache tu za kuchagua. Asiyeshika lugha hiyo haraka anabaki kubonyeza kwa kubahatisha, na hapo hana stori wala mchezo. Hata mkalimani wetu wa sebuleni alishindwa kwenda na kasi yake, bibi akaomba turudishe ile ya baba na mtoto.

Kabla ya kulipa, igeuze CD kwenye mwanga. Mikwaruzo midogo si shida, ila mstari mrefu unaofuata mduara ndio wa kuogopa. Omba ijaribiwe dukani hadi menyu ifunguke. Kama una mpango wa kuhamia PS5, chagua yenye tundu la CD, maana CD zako za PS4 zitaingia humo. Ile isiyo na tundu, usipoiongezea kisoma CD cha kupachika pale inapokubali, itakulazimu ununue kila gemu kwa intaneti, na gemu ya namna hiyo huwezi kumuuzia jirani ukishaimaliza, achilia mbali bando la kushushia GB 100.

Mpwa wangu amekwenda kuchukua mpira. God of War yangu nimempa akae nayo hadi bibi arudi kliniki mwezi ujao.