Ndago kwenye bustani za Dar: bomba au mkono?

Masika yakikatika tu, ndago, lile gugu sugu linalofanana na nyasi, huchomoza juu ya ukoka na ubishi unaanza upya: tupulizie dawa au tung'oe?

Kwa gharama ya siku hiyo, bomba linashinda. Mtu mmoja na bomba la mgongoni la lita 16 anamaliza asubuhi eneo ambalo vibarua wangeliinamia siku kadhaa.

Uhakika ni hadithi nyingine. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, haichagui, inaua ndago na ukoka pamoja, unabaki na mabaka makavu. 2,4-D inaacha nyasi, lakini ni dawa ya magugu ya majani mapana. Ndago wala haijali sana. Mkono nao una hila yake: ukivuta juu juu, jani linakatika na kiazi kinabaki chini. Mwagilia kwanza, chimbua kwa kisu chembamba, utaviona viazi vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi. Mchanga wetu wa pwani unasaidia hapo. Rudia kila baada ya wiki chache, maana utakuwa umesahau vingine (sisi husahau kila mara).

Usiikate nyasi ikawa kipara. Ikiwa ndefu inatia kivuli, na ndago haipendi kivuli.

Mwaka 2015 wakala wa saratani wa WHO uliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Wataalamu bado wanabishana, ila watoto wanapogaagaa mimi ningeng'oa. Kwenye nyufa za maegesho, sawa, pulizia, alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka.