Shavu langu la kulia na krimu tatu za kukinga jua

Habari zenu, karibuni tena. Leo sijajipodoa hata kidogo, na ile taa ya duara nimeizima makusudi. Nimeketi dirishani ili mwangaza unipige wazi. Tazameni shavu hili la kushoto. Sawa? Sasa nageuka. Hili la kulia, mnaliona? Hapa chini ya jicho kushuka hadi kwenye taya kuna weusi, kama mtu aliyenipitisha kidole chenye masizi halafu akajaribu kuyafuta. Linaitwa shavu la kulia, na kweli limeniliza.

Nililaumu mto. Nikalaumu simu. Nikabadilisha sabuni mara tatu. Mpaka siku moja tumekwama kwenye foleni barabara ya Lang'ata, nimekunja uso kwa jua, ndipo nikashtuka. Mimi natoka Rongai asubuhi naingia mjini Nairobi. Gari linaelekea kaskazini-mashariki, jua ndilo kwanza limechomoza, na kiti changu cha miaka yote ni nyuma ya dereva, dirishani. Jua liko kulia kwangu. Jioni gari limegeuka, linarudi, na jua nalo limeshahamia magharibi. Liko wapi? Kulia kwangu! Miaka minne, kwenda na kurudi, linapiga shavu lilelile.

Najua mtaniambia, si kulikuwa na kioo? Kulikuwa. Jua lina miale ya UV, tusiyoiona kwa macho, na kuna aina mbili zinazotufikia. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB, ile inayobabua ngozi. Ile ya pili, UVA, inapenya. Ndiyo maana husikii kuchomwa, lakini ngozi inapokea, na ngozi nyeusi ikisumbuliwa jibu lake ni moja: inatengeneza rangi zaidi. Ukiwa na kovu la chunusi, jua linalikoleza. Wengi wetu tunasema "mimi ni mweusi, jua litanifanya nini?" Ni kweli, melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ni kinga, kwa ngozi nyeusi sana hukadiriwa kama SPF 13 hivi, SPF ikiwa ile namba ya nguvu ya kinga inayoandikwa kwenye krimu za jua. Hiyo inakuokoa usibabuke kama mtalii ufukweni. Mabaka ni kesi nyingine.

Halafu jua la Nairobi ni janja. Mombasa jua likikupiga unajua umepigwa, jasho linakushitaki. Hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, upepo baridi unakupitia, unasimama barabara ya Tom Mboya saa saba mchana ukidhani uko salama. Kumbe kila ukipanda mita 1,000 miale ya UV huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa jua hupita juu ya utosi. Kivuli chako unakikanyaga. Hii Januari hadi Machi, kipimo cha UV mchana hupita 11, na kuanzia 11 ni ngazi ya juu kabisa katika kile kipimo.

Haya, tyubu zenyewe za krimu ya kukinga jua. Nimezibandika selotepu: nyekundu, buluu, njano. Nimeficha majina kwa sababu sitaki tugombanie kampuni, nataka mjifunze kusoma mgongo wa tyubu. Zote nilinunua kwa pesa zangu. Nimezitumia wiki sita.

Nyekundu. Mililita 100, shilingi 1,100, SPF 50, na kinachofanya kazi ndani ni oksidi ya zinki. Nasogeza kamera. Natia tone mgongoni mwa mkono, nasugua... nasugua... bado nasugua. Mnaona hiyo rangi? Si nyeupe, ni zambarau ya majivu, kama mtoto aliyeoga akakosa kupakwa mafuta. Siku ya kwanza nilipanda nayo gari, makanga akanitazama juu chini, akauliza, "Mrembo, umetoka kupiga chapati?" Gari zima likacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Lakini nisiidhulumu. Haichomi macho, haiwashi, na kwa mwenye ngozi inayochukia kila kitu zinki ni rafiki. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, hii habari ya weupe wa krimu si hoja hata kidogo. Kwao saratani ya ngozi ni hatari ya kweli, krimu ya jua ni dawa, wala si kipodozi. Tuache kuiweka fungu moja na lipstiki.

Buluu. Mililita 50, shilingi 1,500, ni jeli, inapotea kwenye ngozi kama maji. Nimepaka, mnaona kitu? Hakuna. Niliipenda wiki nzima, hata kwenye mistari ya nywele nikiwa nimesuka, kwa sababu jamani utosi nao unaungua na hatuusemi. Kisha nikampa kaka yangu, yeye ni wa bodaboda, anashinda juani kuliko sisi sote. Siku ya pili akapiga simu: "Dada, hii dawa yako itaniua barabarani!" Jasho lilikuwa limeishusha kutoka kwenye paji la uso hadi machoni, ndani ya helmeti, na yeye yuko katikati ya malori. Tukapatana asiipake juu ya nyusi, paji lifunikwe na helmeti. Sasa anapaka mashavu, pua, shingo na migongo ya mikono, na hajalalamika tena. Amelalamikia bei tu.

Kitu kingine cha buluu, huyu hapa shahidi wangu. Shati langu jeupe. Oneni kola. Rangi ya chungwa, kama nimelala kwenye mabati yenye kutu. Ndani ya hii jeli kuna avobenzoni, kemikali ya kuzuia UVA, na avobenzoni ikikutana na chuma kwenye maji ya kufulia inaacha doa hilo. Ukiwa na maji ya kisima yenye madini, vaa kola nyeusi au subiri ikauke kabisa kabla hujavaa. Na jiki haisaidii, inazidisha. Nimejaribu, ndiyo hii rangi mnayoiona.

Njano ndiyo niliyotaka kuwaonyesha hasa. Hii imetiwa rangi. Kwa nini? Kwa sababu SPF inapima UVB peke yake, na kwa ngozi zetu hata mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, unaweza kukoleza mabaka. Krimu isiyo na rangi inauachia mwanga huo upite. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, ndugu zake kutu, ndizo zinazoipa krimu rangi ya udongo. Geuza tyubu, tafuta CI 77491, 77492 au 77499. Ukiziona namba hizo, unacho. Kisha tafuta herufi UVA ndani ya kiduara. Alama hiyo maana yake kinga ya UVA imefikia angalau thuluthi ya SPF iliyoandikwa. Na usihangaike sana na 30 au 50. Ikipakwa vya kutosha, 30 hupitisha kama miale 3 katika 100 ya UVB, 50 hupitisha 2.

Sasa malalamiko yangu. Njano ina rangi tatu, na ile ya mwisho kwa weusi ni chai ya maziwa. Mimi ni chai ya rangi! Kwangu ikikaa dakika kumi inatulia, naweza kutoka nayo. Rafiki yangu mweusi kunishinda aliipaka akafanana na kinyago. Mtu anakuuzia dawa ya mabaka ya ngozi nyeusi, halafu ngozi nyeusi yenyewe hakuikumbuka. Na msichanganye na mafuta mengine ili ikolee, mtakuwa mmeipunguza nguvu.

Bei nayo. Uso peke yake unataka vidole viwili: cha shahada na cha kati, chora mstari wa krimu kutoka shina hadi ncha. Ni kama robo kijiko cha chai. Tunavyopaka kwa kunusanusa, nusu yake au hata robo, ile SPF 50 unaisoma tu. Kisha baada ya saa mbili juani unarudia. Nikipaka mara mbili kwa siku, nyekundu inanigharimu shilingi 28 hivi, buluu 75, njano 144, maana ina mililita 40 tu na niliinunua 2,300. Shilingi 144 kwa siku inakaribia nauli yangu ya kwenda mjini. Kwa hiyo njano ni ya uso tu, siku za kazi. Shingo, masikio na mikono inakula buluu. Nyekundu nimempa jirani mwenye mtoto wa miaka miwili anayecheza nje kutwa.

Mnaouliza kuhusu mafuta ya nazi: paka usiku, ngozi ilainike, lakini si kinga ya jua. Ndimu kwenye madoa, tafadhali, acheni. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha doa baya kuliko lile ulilokuwa unafuta. Na zile krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa kunong'onezana, zenye zebaki au haidrokwinoni, sheria yetu haiziruhusu kwenye vipodozi. Sina zaidi la kusema hapo.

Kofia pana, mwavuli, leso begani, hizo hazihitaji kupimwa kwenye video. Mama zetu sokoni hutembea na mwavuli kiangazi chote na hakuna anayewacheka. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mimi pia natembea na wangu.

Shavu sasa. Halijapona. Ukingo wa doa umefifia kidogo hapa karibu na sikio, nadhani, ingawa kioo cha bafuni na cha ofisini havikubaliani. Na kusema kweli siwezi kuisifu njano peke yake, kwa sababu wiki ya tatu nilianza kuhama kiti. Nakaa kushoto. Isipokuwa Ijumaa, gari likijaa, yule makanga wa chapati ananisukumia palepale nyuma ya dereva, "Songa huko mrembo, dirisha lako liko wazi."